Chupa ya Makdusi

Ghaida alipoirusha chupa ya makdusi ya mama yake kwenye kioo cha mbele cha gari la Abu Rakan, mtaa mzima wa Zarqa ulisikitika, ingawa haikujulikana mara moja unasikitikia nini. Wengine walikisikitikia kioo. Wengine walimsikitikia Rakan, mwana wa mwenye gari, kijana wa miaka kumi na saba, aliyeshuka garini mafuta ya zeituni yakimchuruzika nyusini na kipande cha jozi kimemnasa sikioni. Wanawake, ambao ndio wanaoijua kazi ya kuchemsha vibilingani vichanga, kuvikamua, kuvijaza jozi na pilipili kimoja kimoja na kuvilaza ndani ya mafuta mpaka viive, walizisikitikia makdusi. Aliyemsikitikia Ghaida hakuonekana.

"Chupa nzima!" Intisar, mama yake, alilia mikono kichwani. "Makdusi za mwaka huu! Nilikutuma kwa bibi yako, mimi sikukutuma vitani!"

"Alituzibia njia, mama."

"Ungepita pembeni."

"Nilipita pembeni, naye akasogeza gari pembeni. Wiki nzima anatufuata tukitoka shule. Leo amepiga honi mpaka wenzangu wakakimbia, halafu akanitupia kikaratasi chenye nambari yake ya simu. Nikamwambia akiokote, anachafua barabara. Akacheka. Nikamwambia tena."

"Halafu?"

"Halafu nikakosa la kusema. Na mkononi nilikuwa na chupa."

Hilo ndilo lililomtisha Intisar kuliko kioo. Tangu aanze kutamka maneno, Ghaida hakuwahi kukosa la kusema. Akiwa na miaka saba alibishana na bibi yake kama ndoto ya mchana inahesabika. Akiwa na kumi na mbili alilifuata lori la muuza gesi, akamthibitishia dereva kwamba muziki anaoupiga kuita wateja unawaamsha watoto wachanga na kwamba mama aliyekesha na mtoto hana hamu ya kununua gesi. Mpaka leo lori likifika mlangoni kwao muziki huzimwa, likipita huwashwa. Sasa alikuwa na miaka kumi na tano na ndugu wote walikubaliana kuwa ulimi wake umefika mahali pa kukatwa, walichotofautiana ni nani ashike mkasi.

Baba yake hakuwa mtu wa kushika mkasi. Abu Ghaida alikuwa mchoma mikate, mtu wa kuamka kabla ya alfajiri, na maneno aliyatoa kwa uchache kama anayeyaazima kwa jirani. Wanaume wenzake huitwa kwa majina ya watoto wao wa kiume. Yeye hakujaliwa mtoto ila huyu, basi akaitwa kwa jina la binti, na akaitikia. Kaka yake, Abu Hazim, baba wa wavulana wanne, alipenda kulitamka jina hilo polepole mbele za watu, "Abuuu Ghaida," kama mtu anayempa pole mfiwa.

Jioni ileile ujumbe wa Abu Rakan ulifika. Abu Rakan aliuza saruji na nondo, na duka lake lilikuwa kwenye barabara iendayo shule ya wasichana. Alisema hataki kulipwa kioo, kioo atanunua mwenyewe, yeye anataka adabu. Mwanawe hawezi tena kukaa mbele ya duka, kwa sababu wavulana wakipita wanamwita Makdusi. Hata wateja wameanza. Kwa hiyo achague Abu Ghaida: ama binti atolewe shule asionekane tena kwenye ile barabara, ama yeye apeleke malalamiko polisi, na msichana wa miaka kumi na tano awe na jalada kituoni.

Abu Ghaida alimsikiliza mjumbe mpaka mwisho, akampa mkate wa moto, akamshukuru. Kisha akakaa akautazama mlango.

*

Kesho yake alasiri wageni wawili walifika kwa mpigo. Wa kwanza alikuwa Abu Hazim, kifua mbele, tasbihi mkononi. Wa pili alikuwa Ustadha Lubna wa Kituo cha Vijana, msichana mwenye kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa na mkoba uliojaa stika.

Kituo kilikuwa na mradi ulioitwa Kila Kijana Ana Nguvu. Mafundisho yake hayakuwa magumu: kijana asiangaliwe kasoro zake, aangaliwe kile anachokiweza, akuzwe kutokea hapo. Intisar alihudhuria vikao vyote vya wazazi, kwa sababu palikuwa na kiyoyozi na biskuti, na akarudi nyumbani na amri ya kumsifu mtoto kila siku badala ya kumkaripia. Alijitahidi kwa dhati. "Mashallah, Ghaida," alikuwa akisema akiingia jikoni, meno yamebana, "umeviacha vyombo hivi kwa ujasiri mkubwa." Au, "Mungu akuzidishie, mwanangu, umelala mpaka adhuhuri bila kukata tamaa."

Chai yenye majani ya maramia ilipomiminwa, Lubna alikunja miguu, akatabasamu kuzunguka chumba.

"Leo hatutazungumzia kilichovunjika," alisema. "Tutazungumzia kilicho kizima."

"Kizima kipi?" aliuliza Abu Hazim. "Chupa nayo imevunjika."

"Namaanisha Ghaida, Haji. Tuanze na mama. Umm Ghaida, taja nguvu moja ya binti yako."

Intisar alifikiri. Alimtazama binti yake aliyekaa karibu na mlango, magoti yamekumbatiwa, akafikiri zaidi. "Ana ulimi mrefu," alisema mwishowe, "lakini..."

"Samahani, mama. Hatusemi ulimi mrefu. Tunasema uwezo wa kujieleza."

"Kumbe!" Abu Hazim alijipiga paja kwa tasbihi yake. "Basi mke wangu ana uwezo wa kujieleza tangu usiku wa harusi, na mimi maskini nilidhani ni ugonjwa."

Ghaida alicheka. Ami yake akamgeukia. "Unacheka? Cheka. Nami nitaje nguvu yako, ustadha aandike. Huyu binti nguvu yake iko nyumbani. Ana mikono ya jikoni, mikono ya kusaidia mama, mikono ya kujenga nyumba ya mtu. Shule inampotezea nguvu hiyo. Mti wa zeituni haupandwi barabarani ukapigwe honi na kila mpita njia."

"Mashallah!" Lubna alipiga makofi. "Ami ameitambua nguvu! Mnaona ilivyo rahisi?" Akatoa stika yenye picha ya nyumba na moyo, akaibandika begani kwa Ghaida.

Abu Hazim, ambaye hadi dakika ile aliudharau mradi huo, aliuona sasa kuwa una busara. Ghaida aliitazama stika kama mtu anavyomtazama mdudu.

"Ami, mwaka jana nilijaza makdusi na mama. Zangu zilichacha. Kukunja majani ya zabibu nimekunja, ukaniambia mwenyewe yanafanana na vidole vya maiti. Hiyo mikono ya jikoni umeiona wapi?"

"Unaona, ustadha? Neno moja, majibu kumi."

"Na wewe si unamjengea Hazim ghorofa, na saruji unachukua kwa Abu Rakan?"

Intisar alimfinya binti yake mguuni na papo hapo akakumbuka vikao. "Mashallah," alinong'ona, "una kumbukumbu nzuri. Nyamaza."

Lubna alimgeukia Abu Ghaida aliyekuwa amekaa pembeni na unga bado kwenye nyusi. "Na baba? Baba anaona nguvu gani?"

Abu Ghaida alizungusha bilauri yake ya chai. Alionekana kutafuta maneno chini ya majani ya maramia.

"Anajua kuongea," alisema.

"Hilo ndilo tatizo!" Abu Hazim alifoka.

"Haji, hatutumii neno tatizo."

"Basi tuliiteje?"

"Fursa."

Ghaida alinyanyuka, akaja kuchutama mbele ya Lubna. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ustadha, wewe ni mtu wa kituo. Wanakuheshimu. Twende wote kwa Abu Rakan, useme kuwa wasichana wenzangu walikuja kulalamika kituoni kuhusu Rakan kabla mimi sijarusha kitu. Ulikuwepo. Ulituambia tuandike hasira zetu kwenye maputo, tukayapasua. Sema hilo tu. La sivyo nitatolewa shule."

Lubna aliona haya, na tuseme kweli, kwa kitambo kidogo alikuwa msichana mwenye miaka ishirini na minne ambaye anaogopa. Kisha mradi ukamrudia. Akamshika Ghaida mkono.

"Habibti, ningependa sana. Lakini sisi hatushughuliki na matatizo. Tunashughulika na nguvu." Akaongeza kwa huruma, "Na Rakan naye ni kijana wetu. Naye ana nguvu zake."

"Gari," alisema Ghaida.

Abu Hazim alisimama, akajifuta masharubu. Mambo haya, alisema, hayamalizwi kwa stika. Yatamalizwa kwa jaha: wanaume wenye heshima zao watavaa, watakwenda nyumbani kwa Abu Rakan siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, naye atakuwa msemaji. Hakuna jaha mtaani iliyowahi kwenda bila yeye kuwa msemaji. Amewaoza vijana, amewapatanisha walioshikiana visu, na hajawahi kurudi mikono mitupu. Binti na mama yake watakwenda pia, wakae kwa wanawake, ili binti aitwe aombe radhi.

"Na shule?" aliuliza Abu Ghaida.

"Tutaona upepo," alisema kaka yake, na kila mtu chumbani alijua upepo huo unavuma kutoka kwenye duka la saruji.

*

Ijumaa mchana Abu Ghaida hakulala kama kawaida yake. Ghaida alimkuta kwenye ngazi, amekaa na viatu vyake vya harusi, anavisugua kwa kitambaa.

"Baba, ukiombwa unitoe shule utasema nini?"

Alisugua kiatu kile kile alichokwisha kukisugua.

"Hesabu unaipenda?" aliuliza baadaye.

"Siipendi. Napenda kubishana na mwalimu wa hesabu."

Abu Ghaida alicheka kwa pua. Akakiweka kiatu chini, akakitazama, akasema, "Mimi nikiongea mbele ya watu naona shingo inanibana. Tangu mdogo. Watu wakamaliza mambo yangu yote mimi nimekaa." Kisha akaona amesema mengi, akaingia ndani kutafuta soksi.

*

Sebule ya Abu Rakan ilikuwa na viti vyenye kingo za dhahabu, ambavyo nailoni yake ilikuwa haijatolewa, kwa hiyo kila mzee aliyekaa alitoa mlio. Abu Hazim alivaa joho lenye harufu ya dawa ya nondo. Alikaa katikati. Abu Ghaida aliwekwa mwisho wa safu, karibu na meza ya televisheni, mahali anapowekwa mtu ambaye shauri linamhusu lakini halimhitaji.

Wanawake walipitia mlango wa jikoni. Umm Rakan aliwapokea kwa mabusu yasiyogusa shavu, akamwonyesha Intisar kigoda, yeye mwenyewe akakaa kwenye kochi. Kisha akaleta sahani. Juu yake palikuwa na makdusi, zimepangwa vizuri, zinang'aa.

"Onja, Umm Ghaida," alisema. "Za dukani tu, lakini hizi hazirushwi."

Intisar alichukua moja. Akaitafuna mpaka mwisho, machozi yakimlenga, na hata katika hali ile akatambua kuwa jozi zake ni za zamani. Ghaida alisimama kando ya mlango uliobaki wazi kidogo, akitazama sebuleni kupitia ule upenyo.

Kijana wa nyumba alipita na mdila, akamimina kahawa chungu, finjani moja mbele ya kila mgeni. Hakuna aliyegusa. Mtoto mdogo mtaani anajua kuwa wanajaha hawanywi. Kahawa hukaa pale mezani ikipoa mpaka msemaji ataje haja yao na mwenye nyumba atamke, "Kunyweni kahawa yenu, mlilolijia mmelipata." Kunywa ndiko kupewa. Kutokunywa ndiyo silaha pekee ya mwombaji, kwa sababu mwenye nyumba ambaye kahawa yake imeachwa bila kunywewa hana pa kuuficha uso wake mwaka mzima.

Abu Hazim alianza na Adamu. Akapita kwa Nuhu bila haraka. Akalisifu kabila la Abu Rakan, kisima chao, farasi wao, ingawa watu wale kwa vizazi vitatu walikuwa na malori tu. Akafika kwenye vijana wa siku hizi, akasema kama wasemavyo wataalamu, kila kijana ana nguvu, na nguvu ya mvulana iko barabarani na nguvu ya binti iko nyumbani. Sauti ilikuwa nzuri. Ila mchana ule, kabla ya kuja, Abu Hazim alikuwa amekula mansafu ya nyama na wali kwa mkewe, na mchuzi ule wa maziwa makavu ulikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi ngamia. Alipofika kwenye uvumilivu wa Ayubu ulimi ulimganda. Alikohoa. Akameza mate ambayo hayakuwepo. Na huku akisema, "Na Ayubu, enyi waheshimiwa, Ayubu naye..." mkono wake ulinyoosha vidole wenyewe, ukainua finjani, akainywa yote.

Nailoni ya viti ilinyamaza.

Abu Hazim aliitazama finjani tupu mkononi mwake. Uso ulimgeuka rangi ya bilingani.

"Afya tele, Abu Hazim," alisema Abu Rakan kwa utulivu. Alikuwa ameuona mkono tangu ulipoanza safari. Akaegemea. "Naona mmekunywa kabla hamjaomba wala sijajibu. Basi maana yake hamna haja, mmekuja kunisalimia tu, karibuni sana. Lililobaki niseme mimi. Binti asikanyage tena barabara ya shule. Kuanzia Jumapili, wiki ya shule inapoanza, akae nyumbani kwao. Nami malalamiko nitayaacha."

"Neno lako, Haji..." Abu Hazim alijifuta jasho kwa joho. "Neno lako lina... kwa kweli hata sisi tulikuwa tunaona nguvu za binti ziko..."

"Assalamu alaikum."

Wanaume waligeuka. Ghaida alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake mkono wa Umm Rakan ulibaki hewani, umeshika hewa mahali palipokuwa na kiwiko. Nusu ya wazee walitaka kumfukuza. Lakini salamu ni salamu, ilibidi waiitikie, na ukishamwitikia mtu ni vigumu kujifanya hayupo.

"Nimeambiwa nije niombe radhi," alisema. "Haji Abu Rakan, kioo nilikivunja mimi. Nakuomba radhi kwa kioo."

"Kwa kioo tu?"

"Na kwa makdusi, lakini hizo nitamwomba mama. Haji, nina swali moja."

"Ghaida, rudi ndani!" Abu Hazim alikemea.

"Mwache aulize," alisema Abu Rakan, aliyekuwa na raha. Mtu akishinda huwa mkarimu.

"Nyumba hii imewahi kumnywesha mgeni wa jaha kahawa yake, halafu ikamrudisha bila haja yake?"

"Haijawahi!" Abu Rakan alikaa wima. "Tangu babu yangu. Uliza Zarqa nzima."

"Nilijua hivyo. Basi ami yangu amekunywa. Kahawa ni yako, mdila ni wako, aliyemimina ni wa kwako. Ulimwona akiinua finjani na hukusema 'ngoja.' Aliyekunywa kahawa ya nyumba hii amepewa haja yake. Kama hakupewa, basi leo ndiyo mara ya kwanza tangu babu yako, na wazee hawa ndio mashahidi."

Kiti kimoja kilitoa mlio.

"Alisahau!" alifoka Abu Rakan. "Mzee wa watu alikuwa na kiu!"

"Yeye alisahau. Wewe ulinyamaza."

"Na haja yenyewe haijatajwa! Alikuwa bado yuko kwa Ayubu!"

"Naitaja mimi sasa. Malalamiko yafutwe, na Jumapili nirudi shule kwa barabara ile ile." Akawageukia wazee. "Sijasema Rakan alikuwa anafanya nini pale kila siku, muda wa wasichana kutoka. Sijasema kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye wajukuu wake wawili walisoma shule ile ile, aliinua kichwa. "Alikuwa anafanya nini?"

Macho ya Abu Rakan yalikwenda kwa Abu Hazim, naye alikuwa ameshughulika kutafuta kitu ndani ya finjani tupu. Wazee walitazama mazulia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kuwa msichana amesema kweli, na hakuna aliyeweza kusema kuwa amekosea. Ghaida alisimama peke yake katikati ya ukimya ule, na kwa mara ya pili katika maisha yake hakuwa na la kuongeza. Safari hii hakuwa na kitu mkononi.

Mwisho wa safu, karibu na televisheni, kiti kililia. Abu Ghaida alikuwa amejisogeza mbele. Shingo ilikuwa imembana, kila mtu aliiona mishipa. Akanyoosha mkono wake wenye makovu ya tanuri, akaishika finjani yake, akaiinua usawa wa uso ili aonekane.

"Mungu aizidishie heri nyumba yako, Abu Rakan," alisema, "kwa ulichotupa."

Akanywa. Kahawa ilikuwa imepoa na chungu kama dawa, naye akainywa taratibu mpaka machicha.

Mzee mwenye fimbo alimtazama. Kisha akachukua ya kwake, "Mungu aizidishie heri," akanywa. Wa tatu akanywa. Finjani zikanyanyuliwa safu nzima, moja baada ya nyingine, na kila aliyekunywa alimshukuru mwenye nyumba kwa ukarimu wake, hata Abu Rakan akabaki katikati ya sebule yake mwenyewe amezingirwa na shukrani pande zote.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema akiuma meno, kwa watu waliokwisha kunywa. "Mlilolijia mmelipata."

*

Kufikia Jumatatu Abu Hazim alikuwa amelisimulia jambo hilo kwenye kila kibaraza. "Mnadhani nilisahau?" alisema. "Mimi, jaha zote hizi? Nilikunywa makusudi. Ulikuwa mtego. Nilimnong'oneza binti mapema, nikamwambia, mimi nikinywa, wewe tokea." Kadiri alivyosimulia ndivyo alivyoamini, na wiki iliyofuata alipotakiwa kuongoza jaha ya kuomba mchumba alimwita binti wa ndugu yake kando, akamuuliza kwa sauti ya chini kama Ayubu anafaa kwenye harusi. Ila saruji alianza kununua upande wa pili wa mji, na nauli ya lori ilimuuma.

Kituo nacho hakikubaki nyuma. Kwenye sherehe ya kufunga mradi, Ustadha Lubna alisimama mbele ya mgeni aliyetoka Amman, akaeleza jinsi vijana wawili wa kituo walivyomaliza tofauti zao kwa kutumia nguvu zao za ndani. Maputo yalikuwepo. Vijana waliitwa mmoja mmoja kuvishwa beji. Rakan, nywele zimepakwa mafuta ya dukani safari hii, alivishwa beji ya Ustahimilivu, na wavulana wa nyuma wakakohoa, "Makdusi," ndani ya ngumi zao. Ghaida alivishwa beji ya Msikilizaji Bora.

"Ustadha," alisema, "nadhani hii si yangu."

"Za Msemaji zimekwisha, habibti," Lubna alimnong'oneza huku akitabasamu kwa ajili ya picha. "Ipokee tu, mgeni anaangalia." Kisha, bila kuacha kutabasamu, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nisamehe. Ilinipasa niende nawe."

Ghaida alikuwa na la kujibu. Alikuwa nalo tayari, lenye ncha. Akalitazama lile tabasamu linavyotetemeka pembeni, akalimeza. Picha ikapigwa.

Intisar aliibandika beji kwenye mlango wa friji, na kila alipobishana na binti yake aliinyooshea kidole.

Vibilingani vya mwisho wa msimu vilipofika sokoni alinunua tena, akachemsha, akakamua, akajaza, akamfukuza Ghaida jikoni ili zisichache. Zilipoiva alijaza kopo, akamwita.

"Mpelekee bibi yako. Anasubiri tangu ile siku. Pita barabara kuu."

Ghaida alilipokea, akalipima uzito. "Mama, hili ni la plastiki."

"Ndiyo. Halivunjiki."

"Wala halivunji."

Intisar alivuta pumzi amkaripie. Nje, mbali kidogo, upande wa shule, gari fulani lilipiga honi, fupi, kisha ndefu. Magari yalikuwa mengi mjini, na lile lingeweza kuwa la mtu yeyote anayemwita mkewe ashuke. Mama na binti walisikiliza mpaka likanyamaza.

Intisar alimnyang'anya lile kopo, akarudi jikoni. Kabati lilifunguliwa, likafungwa. Alipotokea alikuwa amekumbatia chupa ya kioo, ile kubwa, imejaa mpaka shingoni, na kifuniko anakikaza kwa kiganja.

"Bibi yako," alisema, "hapendi harufu ya plastiki."